Wahusika wako wanazungumza na mtahini

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Manyatta, Kisumu: "Mwalimu, nilizaliwa Kitale, nikaolewa huku Kisumu. Nina kaduka ka vitabu na vifaa vya shule, na usiku nikishafunga huwa naandika hadithi. Nimefikisha kumi na moja. Kila ninayempa asome ananiambia maelezo ni mazuri, lakini watu wangu wakifungua kinywa wanasikika kama wasoma taarifa ya habari. Wahusika wengi ni Wajaluo na Kiluo changu ni cha sokoni tu. Je, niwape Sheng? Niandike Kiluo kisha nitafsiri? Au nibaki na Kiswahili sanifu nisionekane sikusoma? Nimekuwekea ukurasa mmoja."

Dada yangu, ukurasa wako nimeusoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, hapa Nakuru, mlango nikiwa nimeufunga ili majirani wasinidhanie vibaya. Nitaweka kipande chake hapa ili wengine wajue tunazungumzia nini. Okoth amemfuata dada yake Atieno ufuoni Dunga, anakouza samaki:

"Shikamoo dada yangu mpendwa Atieno," alisema Okoth. "Kama ujuavyo, baba yetu mzazi aliaga dunia miaka mitatu iliyopita na kutuachia ekari mbili za shamba kule Ahero. Nimekuja kukuomba tuliuze shamba hilo kwani ninahitaji pesa za kununulia pikipiki. Wahenga walisema ajizi nyumba ya njaa."

"La hasha, ndugu yangu!" alijibu Atieno kwa ukali. "Siwezi kukubali tuuze shamba ambalo ndiko liliko kaburi la baba yetu. Isitoshe, wahenga hao hao walisema mwacha mila ni mtumwa."

Umeniuliza kuhusu lugha, na nitakujibu, ila baadaye kidogo, kwa sababu ugonjwa wa ukurasa huu hauko kwenye lugha. Mgeuze huyo "dada yangu mpendwa" awe "siz yangu", mtie Okoth Sheng ya kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, bado atasikika kama anasoma tangazo la kifo. Okoth hazungumzi na Atieno. Anazungumza na mtahini.

Wengi wetu tuliosoma Kenya kati ya 1985, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulipoanza, na 2023, ulipofanywa kwa mara ya mwisho, tulijifunza kuandika Kiswahili kwa insha ya alama 40. Hatukuamka, tulirauka. Hatukunywa chai, tulistaftahi. Hatukwenda njia, tulishika tariki, na jua halikuthubutu kuchomoza bila ndege kututumbuiza. Kila aya ilidai methali yake kama ushuru wa soko. Mafunzo yale siyabezi. Msamiati nilioupata pale ndio ninaoulia ugali hadi leo. Lakini mtahini ni msomaji wa aina yake. Anataka kuona unajua nini. Msomaji wa hadithi hana habari na unachokijua wewe. Anataka kujua Okoth amefuata nini pale ufuoni na kama atakipata.

Chukua penseli. Katika kila maneno yaliyomo ndani ya alama za usemi, pigia mstari jambo ambalo wote wawili wanalijua tayari. Kwamba baba alikufa: walimzika pamoja. Kwamba shamba liko Ahero: wamelilima. Kwamba ni miaka mitatu, kwamba wao ni ndugu, kwamba kaburi liko huko. Ukimaliza utakuta kilichobaki bila mstari ni pikipiki peke yake. Mengine yote hawaambiani wao. Wanamwambia mtu wa tatu aliyekaa nyuma yao na kalamu nyekundu.

Watu huambiana jambo wanalolijua wote kwa sababu chache sana, na kubwa kuliko zote ni ugomvi. "Si mimi niliyekulipia karo mpaka kidato cha nne?" Anayeambiwa anajua fika. Anayesema anajua kwamba anajua. Hiyo si habari tena, ni jiwe. Kwa hiyo ukiwa na habari ambayo lazima msomaji aipate, mahali pake pazuri ni ndani ya lawama, kwa kipimo cha jiwe moja, si mkokoteni mzima. Zile nyingine zitie kwenye usimulizi: sentensi moja kavu, "Baba yao alikuwa na miaka mitatu kaburini", na uendelee na kazi. Msimulizi ana ruhusa ya kutuambia mambo. Ndiyo kazi yake.

Sasa tuulize Okoth anataka nini hasa. Umesema anataka waliuze shamba, lakini hilo ni pana mno kwa asubuhi moja ya ufuoni. Shamba la marehemu haliuzwi hivi hivi. Mirathi hupitia mahakamani na watoto, wa kike na wa kiume, hutakiwa kutoa idhini. Basi anachokitaka leo ni kidogo na kinashikika: sahihi ya Atieno kwenye karatasi. Naye Atieno anataka nini? Hataki kusema hapana kwa mdomo wake, kwa sababu ukishamwambia ndugu yako hapana, neno hilo litakaa mezani mpaka Krismasi. Nikiwa na mambo hayo mawili tu, nimejaribu hivi:

"Naona umeacha mgongo wazi."

Atieno hakuinua kichwa. Alikuwa akipaa ngege, magamba yakimrukia hadi kwenye nyusi. "Umekula?"

"Nimekunywa chai kwa Mama Ouma."

"Kwa Mama Ouma." Alimgeuza samaki upande wa pili. "Umepita hapa, ukaenda kunywa chai kwa Mama Ouma."

Okoth alivuta kreti ya soda, akaikalia. "Yule mtu alinipigia tena jana."

"Mtu yupi?"

"Si unamjua."

"Wanaonipigia mimi ni wa barafu na wa madeni."

"Anasema hataki upande wa kaburi. Atauacha na ua wake."

Kisu kilisimama. Kikaendelea.

"Ameandika kabisa." Okoth alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, kalamu ikiwa imechomekwa katikati. "Ni sahihi tu, nyaminwa."

Atieno alimwonyesha viganja vyote viwili, vimelowa, vimejaa magamba.

"Mikono yangu ina samaki."

Sikudai kwamba ndiyo hadithi bora ya ziwani, na sentensi zangu unaweza kuzitupa. Tazama tu kilichotokea. Neno shamba halijatajwa. Neno baba halijatajwa. Pikipiki nimeiondoa kabisa. Itakuja yenyewe ukurasa wa tatu, Okoth akishakasirika. Hata hivyo msomaji ameshika kwamba kuna ardhi, kuna kaburi, kuna mnunuzi, na kwamba jibu ni hapana. Amejikusanyia mwenyewe, na kitu ambacho mtu amejikusanyia hakisahau.

Lile neno la kwanza la mgongo wazi ndilo ninalolipenda zaidi, nawe unayeishi Kisumu unajua kwa nini. Mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa, ikakaangwa na kuuzwa Obunga na kwingineko, ni chakula cha mwenye mfuko mwembamba. Okoth akisema "umeacha mgongo wazi" anazungumzia samaki, lakini anahesabu pesa za dada yake: umeinuka, sasa ni ngege, samaki mzima, basi mimi je? Naye Atieno hajibu hilo. Anauliza kama amekula. Katika mazungumzo ya watu wanaojuana, maswali mengi hayajibiwi. Hukwepwa, hurudishwa, au hujibiwa swali jingine lililoulizwa mwaka juzi. Ukurasa ambao kila swali limepata jibu lake, mstari kwa mstari, ni ukurasa wa polisi wakiandika taarifa.

Mikono nayo ipe kazi. Ukiwakalisha watu wawili wakitazamana bila kitu mikononi, watahutubiana tu, hawana budi. Mpe mmoja samaki wa kupaa, dengu za kuchambua, tairi la kuziba. Kazi itakupa mahali pa kunyamaza (kile kisu kilichosimama kimefanya zaidi ya "alijibu kwa ukali" yako), na siku nyingine itakupa hata jibu lenyewe.

Hapa niingize jambo ambalo miongozo ya uandishi ya Kiingereza haitakwambia, kwa sababu wao halijawasumbua. Kiingereza kikitaka kuonyesha aliyesema ni mwanamume au mwanamke kina neno lake kwa kila mmoja. Sisi tuna "alisema", na ile "a" ni ya Okoth, ya Atieno, na hata ya yule kunguru kwenye hadithi za watoto. Mistari minne tu ya "alisema… alijibu… alisema" na msomaji amepotea, anarudi nyuma kuhesabu kwa kidole. Waandishi wengi hukimbilia kurudia majina kila mstari, na hapo ndipo harufu ya taarifa ya habari inapozidi, au hukimbilia vitenzi vizito: alinena, alifoka, alimaka, alitamka. Dawa ni nyepesi zaidi. Acha kitendo kimtambulishe mtu: mwenye kisu ni Atieno, mwenye kreti ni Okoth. Na pale unapohitaji kitenzi cha kusema, "alisema" inatosha; ni kama chumvi, ikiwa kiasi hakuna anayeiona.

Dawa nyingine ni namna watu wanavyoitana, na hapo tuna utajiri wa kutosha. Shikamoo yako iondoe. Ni salamu njema, ila ni ya pwani na ya Tanzania. Huku kwetu bara tuliisoma darasani, na kijana wa Ahero haimtoki kwa dada yake wakiwa Dunga. Jina tupu la "Atieno" nalo lina uzito. Mwanamke mwenye watoto, wengi humwita kwa mtoto wake, Mama fulani, au Min fulani kwa Kiluo, au kwa alikotoka, nyar Alego, nyar Gem. Mdogo wake akimwita kwa jina tupu mbele ya wateja, amekusudia jambo. Nilimpa Okoth neno moja la Kiluo, nyaminwa, dada yetu, na nikalichelewesha mpaka anapotoa karatasi. Undugu anaukumbuka akiwa na shida. Sikulifasiri wala sikulilaza kwa mlazo; msomaji wa Mombasa ataelewa kwa mahali lilipo.

Salamu usizifute zote. Utasoma kwingine kwamba salamu ni takataka, ingia kwenye jambo moja kwa moja. Kwetu mtu asiyesalimia ameshasema neno kubwa. Nilipomfanya Okoth aanze na samaki bila hata "habari ya asubuhi", nilitaka msomaji ahisi kwamba kuna kitu kimechacha kati yao kabla hawajafika kwenye karatasi. Salamu zikiwa ndefu mno pia ni dalili: mtu anayeuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za mvua, anakuja kukopa.

Sasa Sheng, Kiluo au sanifu.

Jiulize kwanza: katika tukio hili watu hawa wanazungumza lugha gani hasa? Okoth na Atieno, wakiwa wawili, wanazungumza Kiluo. Wewe unayeandika Kiswahili ni mkalimani wao. Na mtu akizungumza lugha ya mama yake huzungumza vizuri. Hapa naona waandishi wengi wakiteleza: nyanya wa Seme anaongea na mjukuu wake jikoni, kwa Kiluo safi chenye mizaha na mafumbo, naye mwandishi anampa Kiswahili kilichovunjika ili "aonekane wa kijijini". Unamwonea. Nyanya yule hana kosa hata moja katika lugha yake. Kwa hiyo kwenye karatasi mpe Kiswahili laini, kinachoteleza, chenye hila. Sanifu si adui. Sanifu tunayoijua imetengenezwa. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 na lahaja ya Kiunguja ikawa ndiyo msingi, na vizazi vya walimu vikaipiga pasi. Lakini "Mikono yangu ina samaki" ni sanifu tupu. Tofauti yake na "Siwezi kukubali tuuze shamba ambalo ndiko liliko" ni pumzi. Moja mtu anaisema huku akifanya kazi, nyingine inataka kwanza asimame wima.

Halafu askari wa kaunti anafika kudai ushuru. Atieno anageuka na kusema Kiswahili: "Nimelipa asubuhi. Risiti hii hapa." Sentensi fupi, hazina mapambo, kwa sababu sasa yuko kwenye lugha ya kujihami. Kama atafanya kosa la ngeli, hapa ndipo mahali pake. Mteja wa Nairobi akishuka kwenye gari, lugha inageuka tena. Kila lugha inapobadilika jambo limetendeka: mlango umefungwa au umefunguliwa. Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili usikilize wauzaji wawili wakiwa na mnunuzi mgeni katikati. Huna haja ya kuandika Kiluo chenyewe. Andika: "Walihamia Kiluo, na bei ikahama nao." Kiluo chako cha sokoni kinatosha sana kwa hilo, tena kina faida, kwa sababu umewahi kuwa yule mgeni.

Vijana wa Kondele watazungumza Sheng, hilo halina ubishi. Ila maneno ya Sheng huoza haraka kuliko omena isiyoanikwa. Neno la msimu huu, kitabu chako kikifika kwa mchapishaji, watoto watalicheka. Mimi hupendelea kushika mifupa ya mazungumzo yao kuliko ngozi. Kiswahili chetu cha bara kina alama zake ambazo zimedumu: "ako wapi" badala ya "yuko wapi", "katoto", "kanyumba", na ile "-anga" ya mazoea, "anakujanga hapa", "nilikuwanga mkonda". Hiyo ya mwisho wewe wa Kitale huhitaji kufundishwa. Sisi Waluhya tumeisambaza nchi nzima na hatujalipwa. Hata kwenye barua yako, ulipojisahau, uliandika "kaduka". Hiyo "ka" moja imenionyesha duka lako vizuri kuliko sifa tano. Chagua alama moja au mbili kwa mhusika na umwachie azitumie yeye peke yake. Ukimpa kila mtu "-anga", haimtambulishi mtu yeyote.

Kitu kimoja sitakubali kwenye muswada wowote ninaoushika: kuandika lafudhi kwa tahajia. Mjaluo anayesema "sida" akimaanisha shida, Mbukusu ambaye kila "b" yake imekuwa "p". Jukwaani watu hucheka, sawa. Kwenye karatasi msomaji anaacha kusikia mtu anasema nini, anaanza kusikia anavyokosea, na mhusika wako amekuwa kikaragosi mbele ya macho yako. Kama lafudhi ina maana kwenye hadithi, msimulizi aiseme mara moja, yamekwisha.

Methali usizitupe. Punguza, na uangalie nani ana haki ya kuitoa. Watu wazima huitoa nusu: "Asiyesikia la mkuu…" na ananyamaza, anamwachia mwenzake avunjike guu mwenyewe. Wahenga waondoe; hakuna anayewataja wakati anagombana na dada yake.

Kwa mazoezi, usiende maktaba. Panda matatu ya Kisumu kwenda Nakuru, kaa kiti cha katikati. Mpaka Kericho utakuwa umesikia simu tano za upande mmoja, na simu ya upande mmoja ni shule kubwa: unasikia majibu, unalazimika kubuni maswali. Usinakili maneno ya watu wala siri zao. Andika nani alikatiza nani, nani alirudia neno la mwenzake kwa sauti tofauti, jambo lilizungukwa mara ngapi kabla ya kutajwa. Ukirudi, chukua hadithi yako moja, funika majina yote kwa karatasi, umpe mtu aisome kwa sauti. Akishindwa kutambua nani anasema, tatizo hilo majina hayataliponya.

Anza na hadithi hii ya Okoth, zile kumi ziache zilale kwanza. Na kwenye ukurasa huo huo umeandika kwamba dada yake alizaliwa adhuhuri, jua likiwa la utosi. Muulize mama mkwe wako akuambie: Atieno ni wa usiku. Mwite Achieng, au mzalishe tena giza likiingia.